Kwanini Unguja mzee anapewa pensheni kwa umri wake ila huku bara mpaka kwanza aitwe maskini?

Mkwe wa Makunduchi aliandika:

Habari zenu wadau. Kuna jambo linanizunguka kichwani tangu 2018, kila nikimuuliza mtu mtaani ananijibu juu juu, nimeona nilete hapa maana kuna waliosoma na kuna walioishi.

Mi ni mtu wa Sengerema huku bara, mke wangu ni wa Makunduchi kule kusini Unguja. Mwaka huo tulienda ukweni tukakaa kama wiki tatu hivi, asubuhi moja babu yake mke wangu akaniambia mjukuu nisindikize nikachukue haki yangu. Alisema hivyohivyo, haki yangu. Akavaa kanzu imepigwa pasi, kofia, akatia na udi kidogo, tukatembea mdogo mdogo mpaka skuli, nikakuta wazee wamejaa barazani, kuna mabibi wamefunga vitambulisho kwenye pembe ya leso, watu wanapiga stori kama wapo harusini. Anaitwa mmoja mmoja, anahesabiwa elfu 20 yake, anaweka dole gumba, anarudi kukaa wala hana haraka ya kuondoka. Kilichonishangaza sasa, pembeni yetu kulikuwa na mzee nikaambiwa yule ana maduka mawili mjini na watoto wake wako Muscat, na yeye kakaa kwenye foleni kapewa elfu 20 ileile aliyopewa babu mwenye kishamba cha mihogo tu, na hakuna aliyenung'unika. Njiani nikamuuliza babu, mbona hata tajiri anapewa? Akasimama kabisa akaniangalia, akasema kwani yeye hajazeeka?

Sasa njoo kijijini kwetu. Miaka ya nyuma uliitwa mkutano wa kijiji wa kutambua kaya maskini ili zipewe msaada. Majina yanatajwa mbele ya watu wote, fulani je, ana ng'ombe wangapi, nyumba ni ya bati au nyasi, wanakula milo mingapi. Likatajwa jina la bibi mmoja jirani yetu, mjane, macho yameshaanza kufifia. Yule bibi akasimama na fimbo yake akasema nifuteni, mimi sio maskini, mimi nimezaa. Akakaa. Watu kimya. Wakamfuta kweli. Na mi najua alikuwa anahitaji, kuna siku alikuwa analala na uji mtupu.

Swali langu ni hili, nchi ni moja, wazee ni walewale, kodi ni jasho la watu kote kote. Kwanini kule mzee anaitwa kwa umri wake na huku anaitwa kwa umaskini wake? Ni suala la pesa tu au kuna kitu ndani ya jamii zetu, yaani tunavyomuona mtu anayesaidiwa, ndo kinaamua mpango ukae vipi?

---

Bint Jang'ombe alijibu:

Mkwe wetu karibu. Umeuliza suali zuri na babu kakujibu zamani, mie naongezea tu.

Hiyo inaitwa Pensheni Jamii, ilianza Aprili 2016, ni kwa kila mkaazi wa Zanzibar aliyefika miaka 70, pesa zinatoka kwenye bajeti ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) wenyewe sio za mfadhili, na kwa Afrika Mashariki sisi ndio tulioanza mpango wa namna hiyo. Ilikuwa elfu 20 kwa mwezi wakati ulipokuja wewe, sasa ni elfu 50.

Watu wengi wanakimbilia kusema ni kwa sababu Zanzibar ni Waislamu, zakka na sadaka. Mie hapo nakataa kidogo. Ukiitazama zakka khasa imeandikwa nani apewe, mafakiri na masikini ndio wa mwanzo kutajwa kati ya mafungu manane, mwenye nisabu, yaani mali iliyofika kiwango cha kutolewa zakka, anatoa hapokei. Kwa hiyo kama Pensheni Jamii ingefuata zakka basi yule wa maduka mawili angeondolewa kwenye foleni. Hichi ni kitu chengine. Hichi ni heshima ya umri, mzee kwetu hata awe nani ukimkuta njiani unamwamkia, huanzi kumuuliza ana kiasi gani mfukoni ndio umpe shikamoo. Halafu kuna historia, baada ya 1964 serikali ilisema elimu na matibabu bure kwa wote, wazee wakatunzwa na serikali kwenye nyumba za Sebleni na Welezo, wazee wetu wamekulia kwenye fikra kwamba serikali ina wajibu kwao. Ukiwaambia wajieleze umasikini wao wataona umewavunjia adabu.

Na jengine la karibu kabisa, mama yangu. Kalima mwani pwani miaka na miaka, usiku anasuka ukili, hajaajiriwa hata siku moja, mifuko ya hifadhi ya jamii kwake ni kitu cha kusikia redioni. Wastaafu wa serikali wana pensheni zao kwa sababu walikuwa na mwajiri. Sasa nani atasema mama hakufanya kazi? Siku ya kwanza alipopokea alininunulia mie khanga, mtu mzima mie nina watoto wanne, nikamwambia mama hizi ni zako, akasema wacha, leo na mie nimepokea mshahara. Wallahi nililia.

Halafu yule bibi wa jirani yenu ilikuwaje baadae?

---

Mwezeshaji Mstaafu alijibu:

Mkuu nimefanya kazi ya uwezeshaji kwenye mikutano ya namna hiyo, nimekaa kwenye hayo mabenchi chini ya mwembe na dodoso mkononi, naomba nisikike na mimi kwa sababu watu wanatuona kama tuliwadhalilisha wazee makusudi.

Kwanza mkutano wa hadhara haukubuniwa kumuaibisha mtu, ulibuniwa ili mwenyekiti asijaze shemeji zake. Ukiacha majina yapangwe ofisini ndo utasikia kilio, bora yatajwe watu wakiwa wanasikia, ng'ombe wa mtu hafichiki kijijini. Uwazi nao ni thamani ya jamii, tena kubwa tu. Na mara nyingi nilichosikia wanakijiji wenyewe wakisema ni kwamba haiwezekani fulani mwenye trekta apewe hela moja na mama anayelala njaa. Kwao usawa maana yake ni kwamba aliyeshiba amwachie mwenye njaa. Kwa babu wa Makunduchi usawa ni wote tuhesabiwe sawa. Hizo ni fikra mbili na zote zina watu wazima wanaoziamini kwa moyo safi.

Pili, huku bara kuna kitu kirefu sana kuhusu kazi. Mwalimu Nyerere tangu mwaka 1962 alipokuwa anaeleza ujamaa alitumia ule msemo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Azimio la Arusha la 1967 nalo linasema nchi ya ujamaa ni ya wafanyakazi, wanaoruhusiwa kuishi kwa jasho la wengine ni watoto, wazee wasiojiweza, vilema. Angalia hilo neno, wasiojiweza. Sio wazee wote. Hiyo fikra haikufa, ukienda kwenye TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambayo ipo tangu 2000, ule mpango wa kunusuru kaya maskini una ajira za muda, wenye nguvu wanachimba lambo, wanatengeneza barabara, wanalipwa. Hakuna anayelalamika kuhusu hiyo hela, kwanini? kwa sababu mtu kaishika jembe, anarudi nyumbani kifua mbele.

Ila nikubali jambo moja. Sehemu kubwa ya hela za ule mpango ni mikopo ya Benki ya Dunia na misaada ya wahisani wengine, na yale masharti ya mtoto ahudhurie shule asilimia 80 na mdogo apelekwe kliniki yalishaanza Mexico na Brazil miaka ya tisini kabla hayajafika kwetu. Kwahiyo unapouliza ni thamani za jamii gani zimeunda mpango, uliza pia jamii ya nani. Mimi nilikuwa naeleza masharti kwa mama ambaye watoto wake wote walikuwa wanaenda shule siku zote bila kuambiwa na mtu, ananisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu ananiuliza, mwalimu, kwani mlidhani nawaficha ndani? Sikuwa na jibu.

---

Hesabu Haidanganyi alijibu:

Mnazunguka sana. Sensa ya 2022 Zanzibar ni watu kama milioni 1.9, bara karibu milioni 60. Ukichukua kila mzee wa bara ukampa elfu 50 kila mwezi hiyo hazina itakohoa damu. Hamna cha utamaduni hapo, ni uwezo.

---

Bint Jang'ombe alijibu:

Kaka uwezo nao una mpangilio wake, kila bajeti inasomwa na kila bajeti ina vitu vilivyotangulia na vilivyosubirishwa, na nani kaamua kitangulie kipi? Nepal walianza kuwapa wazee wa miaka 75 na kuendelea katikati ya miaka ya tisini, rupia 100 tu kwa mwezi, nchi masikini na watu wake walikuwa karibu milioni 20 wakati huo. Lesotho 2004 walianza na miaka 70, hawana mafuta wala bandari. Walianza kidogo na umri mkubwa ili waweze. Sisi tulianza na elfu 20 kwa sababu hiyohiyo.

---

Hesabu Haidanganyi alijibu:

Nepal sikuwa nayo kichwani. Ntaisoma. Ila bado nasema bara tungeanza labda miaka 80.

---

Mtunza Wazee Malmö alijibu:

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Mimi niko Uswidi, kazi yangu ni kuzunguka nyumba za wazee, kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwapashia chakula, analipa manispaa kwa kodi, mzee anachangia kidogo kulingana na kipato chake. Nataka niseme kitu ambacho mi mwenyewe kilinichukua miaka kukielewa.

Watu wa nyumbani wanaposikia hivyo wanasema Wazungu wametupa wazazi wao kwa serikali. Na mi nilifika na mawazo hayohayo. Kuna bibi mmoja namhudumia, ana miaka 91, watoto wake wawili wako Stockholm, siku moja namvisha soksi nikamuuliza hivi hujisikii vibaya kwamba mi mgeni ndo nakuogesha na sio binti yako? Akacheka, akasema binti yangu akija nataka tunywe kahawa tuongee, sitaki aje kuniosha halafu aondoke amechoka na ananihesabia siku. Huku hakuna sheria inayomdai mtoto mkubwa amtunze mzazi, na wazee wengi wanaona ni afadhali hivyo kwa sababu hawadaiwi fadhila na mtu. Kwa yule bibi wa Sengerema fahari ni nimezaa, kwa huyu wangu fahari ni simtegemei niliyemzaa. Hawa wawili ukiwapa mpango mmoja, mmoja wapo utamuumiza.

Ila sasa msidhani Waswidi walizaliwa hivyo, hapa naomba mnisome taratibu. Zamani huku maskini wa kijiji, wakiwemo wazee na yatima, walikuwa wanapigwa mnada. Yaani watu wanakusanyika, maskini anasimamishwa, wenye mashamba wanashindana nani atakubali kumchukua kwa malipo madogo kuliko wote kutoka mfuko wa kijiji, anayetaja kidogo zaidi ndo anamchukua. Ilikuja kupigwa marufuku mwaka 1918. Na mtu aliyekuwa anaishi kwa msaada wa maskini alikuwa hana haki ya kupiga kura, hilo limeondolewa 1945. Juzi tu hapo! Nilipolisoma hilo nikakumbuka mikutano ya nyumbani ya fulani ana ng'ombe wangapi, moyo ukaniuma.

Kilichobadilisha ni siasa, vyama vya wafanyakazi na wakulima walibishana miaka mingi. Per Albin Hansson, kiongozi wa chama cha Social Democrats, 1928 akaja na ile hotuba ya nchi iwe kama nyumba ya watu wote, nyumba ambayo hakuna mtoto wa kambo. 1948 wakaanzisha posho ya kila mtoto, bila kuuliza baba yako anafanya kazi gani. Mpaka leo krona 1,250 kwa mwezi kwa mtoto mmoja mpaka afike miaka 16, mkurugenzi wa benki anapewa, mi naogesha wazee napewa, kiasi kilekile. Na ndo maana kodi inalipika, kodi ya manispaa na mkoa ni kama asilimia 32 ya mshahara, ukienda dukani vitu vingi vina VAT asilimia 25, inauma jamani nisiwadanganye, lakini tajiri hapigi kelele sana kwa sababu na yeye mtoto wake yumo. Ukimtoa tajiri kwenye foleni ujue na siku ya kuchangia atakuuliza mimi nachangia nini hapa. Yule mzee wa maduka mawili mnavyomuona pale barazani msimfukuze, ndo mlinzi wa hiyo foleni.

---

Kijana wa Nakuru alijibu:

Nimesoma yote, asanteni sana. Huku Kenya tumepitia njia zote mbili. Pesa ya wazee mwanzoni ilikuwa ya wale maskini wa miaka 65 kwenda juu, chifu na wazee wa mtaa wanachagua, na fujo ilikuwa ni hiyohiyo ya nani amejuana na nani. 2018 ndio Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia watu kwa pesa, ikafungulia kila mtu wa miaka 70 kama hana pensheni ya serikali, shilingi 2,000 kwa mwezi. Shosho wangu, yaani bibi yangu, akapata. Katiba ya 2010 kipengele cha 43 imeandika hifadhi ya jamii ni haki ya kila mtu, sio huruma.

Lakini mimi naona hamjagusa kitu kimoja, kuaminiana. Mkenya sio mchoyo, mwenye atasema Wakenya ni wachoyo hajawahi kuwa kwa grupu ya WhatsApp ya matanga. Mtu akilazwa leo jioni kuna paybill, namba ya kutuma mchango kwa simu, kesho kutwa bili imelipwa, watu hata hawamjui vizuri. Harambee iko kwa damu yetu. Sasa mbona huyo huyo mtu akikatwa asilimia 2.75 ya afya na 1.5 ya nyumba kwa peislipi anawaka moto, na 2024 vijana wakajaa barabarani kwa ajili ya mswada wa fedha? Ni kwa sababu kwa harambee anaona mkono unaopokea. Anasoma jina kwa ile listi, anaona risiti ya hospitali imepostiwa. Kwa kodi haoni. Huyo wa Malmö analipa VAT ya 25 na mzee anaogeshwa kweli, gari ya manispaa anaiona imepaki hapo nje. Hiyo thamani ya kusaidiana tunayo tangu zamani, shida ni vile serikali iliikuta kwa wananchi na haikujifunza kutoka kwake, haionyeshi listi.

---

Mama Columbus alijibu:

Naingia kidogo tu niko kazini. Marekani mtaona vyote viwili ndani ya nchi moja. Kwa Social Security, pensheni ya wazee iliyoanzishwa 1935, unakatwa asilimia 6.2 ya mshahara na mwajiri anaweka nyingine 6.2, ukizeeka unapokea, na hakuna mtu atamwita mzee huyo ombaomba, watasema ameifanyia kazi. Mwanzoni waliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa ndani ya nyumba, kundi ambalo watu weusi walikuwa wengi sana, kwahiyo hata neno ameifanyia kazi lilikuwa na watu wake. Halafu kuna msaada wa fedha kwa familia maskini, huo 1996 wakauwekea kikomo cha miaka 5 kwa hela za serikali kuu na lazima utafute kazi. Mimi nilipofika nilitumia kadi ya chakula ya msaada wa serikali miezi kadhaa, na ninavyokumbuka zaidi ya kitu kingine ni macho. Unatoa ile kadi kwenye foleni ya kulipia, mtu wa nyuma anaangalia kikapu chako umenunua nini. Siku moja nilirudisha keki ya birthday ya mwanangu kwenye shelfu kwa sababu ya hayo macho. Hakuna aliyeniambia neno. Sasa hivi mi nakatwa kodi kama wao na nikiona mtu na hiyo kadi naangalia simu yangu mpaka amalize.

---

Mkwe wa Makunduchi aliandika:

Jamani asanteni, nimesoma na mke wangu usiku huu, na yeye anamsalimia Bint Jang'ombe.

Mwezeshaji mzee wangu hukukosea kuongea, mimi sikulaumu wewe wala wenzako, hata mimi ningekuwa na lile dodoso ningeuliza yaleyale. Lile neno lako wasiojiweza limenikaa. Nadhani yule bibi alilisikia hilohilo hata kama halikutamkwa, akawa anakataa neno, hela hakuikataa. Na nimejiuliza, angeitwa kwa umri kama babu, si angefunga khanga mpya akaenda?

Hesabu, hata hiyo miaka 80 mi nakubali, tuanze nayo.

Bint umeuliza ilikuwaje. Bibi alifariki 2021. Baada ya ule mkutano alikaa vilevile na uji wake, wanae wawili walikuwa migodini huko Geita, wakipata wanatuma wasipopata kimya. Mama yangu alikuwa anampelekea unga na dagaa, ila akienda mchana mkono mtupu ndo anapokelewa, akienda na mfuko bibi anamuuliza umenionea nini. Kwahiyo mama akawa anaenda jioni giza likishaingia, anaweka mfuko mlangoni anamwambia nimekuletea ule unga wako nilioazima kwako mwaka ule wa njaa. Bibi anafikiri kidogo, halafu anasema ndio, nilikuwa nakusubiri, umechelewa sana kunirudishia.